Yangambi, Mji wa Msituni Ulioamriwa Brussels

Mtu akitoka katika stesheni ya treni ya chini kwa chini ya Porte de Namur, hapa Brussels, akaviacha nyuma yake vito na nguo za thamani zinazometameta katika vioo vya maduka makubwa, na akaingia barabara ya Wavre iliyo nyembamba na yenye ghasia, hatua zake hazitatimia mia tatu kabla hajajikuta ndani ya Matonge, mtaa uliokopa jina lake kwa mtaa wa Kinshasa, ambako sombe, makayabu, chikwange iliyofungwa ndani ya majani yake na ndizi za kupika hupangwa milangoni kana kwamba bahari na jangwa havikupata kuwako kati ya Kongo na nchi hii ya mvua. Ni hapo, asubuhi moja ya manyunyu, nilipomwamkia mzee mmoja wa Kikongo aliyekuwa akizibinya ndizi mojamoja kwa hadhari ya mtu aliyezijua tangu utotoni, na baada ya kujuliana hali nikamwuliza asili yake ni wapi.

"Miye?" akasema, kwa kile Kiswahili cha Kisangani ambacho sisi wa pwani hatuna budi kukitegea sikio. "Miye ni mutu wa Yangambi, ndugu. Papa yangu alikuwa anatumikaka ku Ineaki."

Jina hilo nilikuwa nikilijua kwa miaka mingi, walakini sikujua kuwa ni mji. Katika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria, Yangambi ni mgomba: mgomba mrefu, wenye mikungu ya ndizi fupi na tamu, ambao Wahaya wengi wanao katika vibanja vyao, na ambao bwana shamba huutaja kwa ukamilifu wa jina lake, Yangambi Km5, bila ya yeye mwenyewe wala anayemsikiliza kujali sana hiyo kilomita ya tano ni ya njia ipi na yahesabiwa kutoka wapi. Mzee yule alicheka sana nilipomweleza. Alilipia ndizi zake akaenda zake, nami nikabaki na swali: jina la mji mdogo uliomo katikati ya msitu mkubwa kuliko yote ya Afrika lilipita njia gani hata likaota mizizi Bukoba? Jibu nililipata pole pole, na sehemu kubwa ya njia hiyo yapita hapa hapa Brussels.

Yangambi upo ukingoni mwa mto Kongo, upande wa kaskazini, yapata kilomita mia moja chini ya Kisangani kwa mtu anayeufuata mkondo, na chini ya digrii moja kaskazini ya mstari wa Ikweta. Barabara ipo, lakini hali yake humfanya msafiri mwenye busara auhusudu mtumbwi. Aghalabu watu huenda na kurudi kwa vyombo vya mbao vyenye mtambo, vikiwa vimeshehenezwa watu, mbuzi, magunia ya mkaa na madumu ya mawese. Mji wenyewe umekaa juu ya ngema, mto ukiwa chini yake mpana kama bahari ndogo yenye visiwa, na nyuma yake msitu usioonesha mwisho. Mvua inyeshayo huko kwa mwaka hukaribia milimita 1,800, yaani zaidi ya mara mbili ya ile ya Brussels, jambo ambalo sikuacha kulikumbuka kila niliposikia watu wa hapa wakiilalamikia mbingu yao. Tofauti ni kwamba mvua ya Yangambi huja kwa kishindo ikamaliza shughuli yake, ilhali hii ya Brussels hukaa mlangoni mchana kutwa kama mgeni asiyejua kuaga.

Kabla ya Mbelgiji yeyote kuutia mji huo katika ramani, mahali hapo palikuwa na wenyewe. Ndani ya msitu waliishi Waturumbu, watu wa mashamba na wa mitego. Na juu ya mto waliishi Walokele, wavuvi na wachuuzi, ambao kwa ngoma zao za gogo waliweza kupelekeana habari kutoka kijiji hadi kijiji kwa upesi uliowatoa wageni macho. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyekaa Yakusu, kati ya Kisangani na Yangambi, aliisoma lugha ya ngoma hizo akaieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1949: kwamba maadamu Kilokele ni lugha ya sauti za juu na za chini, ngoma yenye midomo miwili, mmoja wa sauti nyembamba na mwingine wa sauti nzito, yaweza kuyaimba maneno yenyewe, na kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa sauti zao, mpigaji hulifunga kila neno ndani ya fungu refu la maneno lisiloweza kudhaniwa kuwa jingine. Hivyo ndivyo taarifa za kifo, za sherehe na za chombo kinachopanda mto zilivyofika katika nchi hiyo zamani kabla ya simu ya upepo.

Nasi watu wa pwani tulifika pia, na si haki kulificha jambo hilo wala kulipamba. Isangi, penye makutano ya mto Lomami na mto Kongo, si mbali na Yangambi, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili katika miaka ya 1880, zama ambazo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip wa Unguja, alikuwa ameifanya mikono yake kufika hata maporomoko ya Kisangani. Na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili, ambaye maishani mwake hakupata kuikanyaga Kongo, alimfanya Tippu Tip huyo kuwa wali wake wa maporomoko hayo, kwa mkataba uliotiwa saini Unguja mbele ya msafiri Stanley. Biashara yao ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na vilio vilivyoachwa vijijini havikusahauliwa. Lakini waliacha pia mpunga, ambao hata leo ni chakula kikubwa cha nchi ya Isangi, na waliacha lugha, ile waliyoiita Kingwana, iliyobaki vinywani mwa watu baada ya vita na serikali ya Leopold, vya 1892 hadi 1894, kuwafutilia mbali mabwana wake. Ni kwa sababu hiyo mimi na mzee wa Matonge tuliweza kusemezana.

Na sasa turudi Brussels, maana zama hizo mji huu ulikuwa na ada ya kupokea majani na mbegu za Kongo kama vile bandari ya Antwerp ilivyopokea pembe na mpira. Profesa Émile Laurent, wa chuo cha kilimo cha Gembloux, kusini ya hapa, alisafiri Kongo katika miaka ya 1890, na huko Lusambo, ukingoni mwa mto Sankuru, alipata buni ya namna ambayo wataalamu wa Ulaya hawakuijua. Ilifika mikononi mwa nyumba ya biashara ya miche ya Brussels iliyoitwa L'Horticole Coloniale, mali ya ukoo wa Linden, mashuhuri kwa maua ya okidi. Nao wakaiotesha katika vibanda vyao vya vioo, wakaipa jina la robusta, yaani yenye nguvu, wakaitia katika orodha ya bidhaa zao. Mwaka 1901 miche yake ilipelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeiteketeza mikahawa ya kale, na kutoka huko ikasambaa duniani. Msomaji wa Bukoba atatabasamu hapa, na ana haki, kwani babu zake walikuwa wakiitafuna buni ya ukoo huo huo na kukirimiana nayo vizazi vingi kabla Brussels haijaigundua na kuitilia bei.

Hiyo ndiyo tabia iliyouzaa mji wa Yangambi. Miji mingi huzaliwa na soko, au na bandari, au na kaburi la walii. Yangambi ulizaliwa na waraka. Kulikuwa hapo kwanza na shamba la serikali tu, ambako mwaka 1922 zilipandwa mbegu za michikichi iliyochaguliwa, baadhi yake zikitoka katika mchikichi mmoja wa bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, ulioitwa Djongo kwa ubora wake. Kisha mwaka 1933, baada ya Leopold mwingine, mrithi wa ufalme, kurudi kutoka ziara ya Kongo akiwa na malalamiko juu ya hali ya kilimo cha koloni, ikatolewa amri ya kifalme ya tarehe 22 Desemba kuanzisha Institut National pour l'Étude Agronomique du Congo Belge, taasisi ya uchunguzi wa kilimo, ambayo herufi zake za mwanzo, INEAC, ndizo hizo zilizokuwa Ineaki kinywani mwa yule mzee. Makao yake makuu yakawa Brussels. Kituo chake kikuu kikawa Yangambi. Kwa maneno mengine, kichwa kiliwekwa hapa penye ofisi na mikono ikawekwa kule penye miti, na kati ya kichwa na mikono palikuwa na safari ya meli ya kutoka Antwerp hadi Matadi, na ya treni hadi Kinshasa, iliyokuwa Léopoldville, na kisha ya merikebu ya mtoni kwa zaidi ya kilomita 1,600.

Watu waliouona mji huo katika miaka ya 1950 husema kuwa ulikuwa shani. Msafiri aliyetoka mtoni na kupanda ngema alikuta njia zilizopandwa miti kwa mstari, nyumba za matofali zenye baraza pana, maabara, maktaba, nyumba ya kuhifadhia majani makavu, karakana, hospitali, shule na klabu. Na kila upande, kwa maelfu ya hekta, mashamba ya majaribio ya michikichi, mipira, mikahawa, mikakao, migomba na mpunga, yakiwa yamepimwa kwa kamba na kuhesabiwa kwa kilomita, kwa kuwa mahali pasipokuwa na mitaa ya kale wala misikiti ya kuelekezea njia, kilomita ndiyo iliyokuwa anwani. Mabwana shamba na wanazuoni wa Kibelgiji walitoka Gembloux, Leuven na Ghent wakiwa vijana, wakaja na wake zao na vitabu vyao, na wengine walikaa hata nywele zikaota mvi.

Lakini mji huo ulikuwa miji miwili, kama ilivyokuwa miji yote ya Kongo ya Kibelgiji. Nyumba za baraza zilikuwa za Wazungu; Waafrika walikaa upande wao, katika makambi ya wafanyakazi, na klabu ile hawakuiingia ila kwa kupangusa meza zake. Karani aliyeandika vizuri kuliko bwana wake hakupata cheo cha bwana wake, na baada ya vita ilipotungwa sheria ya mwaka 1948 ya kumpa Mwafrika "aliyestaarabika" cheti cha kumshuhudia ustaarabu wake, ilimlazimu kwanza mtu mzima mwenye mke na watoto akubali kuchunguzwa nyumba na mwenendo kama mche ndani ya kitalu. Mimi nimezisoma taarifa kadhaa za taasisi ile, zilizopigwa chapa hapa Brussels kwa karatasi nzuri, na nimestaajabu jinsi zinavyoujua urefu wa kila mpunga na uzito wa kila kokwa, ilhali mtu aliyeupanda mpunga huo na kuivunja kokwa hiyo ametajwa ndani yake kwa neno moja tu: nguvukazi.

Hata hivyo kazi iliyofanyika haikuwa ya mzaha, na mfano ulio bora ni wa mchikichi. Wenyeji wa msitu, kama watu wa Kigoma, walijua tangu zamani kwamba ngazi si namna moja: kuna zenye kokwa ya ganda nene, na nyama yake ni haba, kuna zenye ganda jembamba, zenye nyama nyingi na mafuta mengi, na kuna mara chache zile zisizo na ganda kabisa, ambazo aghalabu mti wake hupukutisha matunda kabla hayajawiva. Wataalamu waliziita dura, tenera na pisifera. Kila mwenye shamba aliitamani ile ya kati, lakini kila alipopanda mbegu zake alipata mchanganyiko, nyingine nene, nyingine nyembamba, nyingine tasa, na hakuna aliyejua sababu. Abel Beirnaert na mwenzake Vanderweyen, wakiwa Yangambi na mamia ya michikichi ya kuchavusha kwa mkono na kufunga mifuko mauani, ndio waliokifungua kitendawili hicho katika maandishi yao ya mwaka 1941: kwamba tenera si kabila la peke yake, bali ni chotara wa dura na pisifera, na kwa hiyo anayeipanda mbegu ya tenera huvuna robo ya huku, robo ya huku na nusu tu ya anachokitaka, lakini anayemwoza dura kwa pisifera hupata tenera watupu, wote bila ya mmoja kupotea.

Ni jambo dogo kulisema, nalo limeigeuza dunia. Michikichi ya Malaysia na Indonesia, inayoyajaza mafuta masufuria ya nusu ya walimwengu na kuyala mapori ya huko kwa kiasi kinachowasikitisha wengi, ni tenera. Na mbegu zinazooteshwa leo katika kituo cha Kihinga, Kigoma, kwa ajili ya wakulima wa Tanzania, ni tenera vile vile. Yafaa kukumbuka pia kwamba mwaka ule wa 1941 Brussels ilikuwa chini ya majeshi ya Kijerumani, na kichwa na mikono vilikuwa vimetenganishwa kwa vita; mikono, kama tuonavyo, haikuacha kufanya kazi. Walakini mwanakijiji wa Kongo hakuona faraja yoyote katika miaka hiyo. Desturi ya kumlazimisha kulima mazao ya serikali kwa siku 60 za mwaka, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilipandishwa mwaka 1942 hata siku 120, kwa kuwa Washirika walihitaji mpira na mafuta.

Kulikuwa na jaribio jingine, lililowagusa Waturumbu wenyewe mashambani mwao. Mturumbu hulima kwa kufyeka kipande cha msitu, kukichoma, kupanda humo migomba, mihogo, mpunga na mahindi kwa miaka miwili au mitatu, kisha kukiacha kirudi msituni na kwenda kufyeka kwingine. Kwa muda mrefu mabwana wa Brussels waliuita ukulima huo uharibifu. Ila wanazuoni wa Yangambi, baada ya kupima rutuba kwa miaka mingi, walikiri kwamba babu wa Mturumbu hakuwa mjinga, na kwamba ardhi ya msitu wa mvua ikinyimwa mapumziko yake haina kitu cha kumpa mtu. Basi wakaitia desturi hiyo katika rula. Nchi iligawanywa kwa vichochoro vilivyonyooka, kila kimoja upana wa mita mia, kimoja kikilimwa na cha pembeni yake kikiachwa msitu, ili miti iliyosimama ivitie mbegu vile vilivyochoka. Na familia zikapangwa kando ya njia, kila moja na zamu yake. Katika ramani mpango huo wapendeza kama mkeka. Mkulima, hata hivyo, hakuulizwa kama alitaka kuishi ndani ya mkeka, na mara tu mkono wa serikali ulipolegea, mistari ile ilianza kupinda.

Katika yote yaliyofanyika Yangambi, mimi binafsi navutwa zaidi na kazi iliyokuwa haina faida ya fedha hata kidogo. Kuanzia mwaka 1937, na kwa takriban miaka ishirini, watu walitumwa kila juma msituni kuitazama miti ile ile, yapata 2,000 kwa idadi, kuangalia upi umechanua, upi umezaa, upi umepukutisha majani, na kila alama ikatiwa kwa kalamu katika majedwali. Katika msitu usio na kipupwe wala masika yanayotambulikana kwa urahisi, kila mti una kalenda yake, na bila ya subira ya namna hiyo hakuna awezaye kuisoma. Waliokwenda msituni aghalabu walikuwa Waturumbu, maana ndio walioijua miti kwa majina. Majedwali hayo yalilala miongo mingi, hata miaka ya hivi karibuni yalipopigwa picha na kuwekwa katika intaneti, na maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao wasioweza kuionesha Kongo katika ramani, wakayanakili alama kwa alama kwa ajili ya wanaochunguza mabadiliko ya hali ya hewa.

Yaliyofuata mwaka 1960 nitayapita upesi, kwa kuwa yameandikwa kwingi. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Wabelgiji wengi wa Yangambi waliondoka. INEAC ilivunjwa mwaka 1962. Mwaka 1964 waasi walioitwa Wasimba waliiteka Kisangani, na mwezi wa Novemba askari wa miavuli wa Kibelgiji wakashuka juu ya mji huo kwa ndege za Kimarekani. Mwaka 1970 serikali ya Mobutu ilianzisha INERA mahali pa taasisi ya zamani, lakini hazina haikuwa na fedha za kuulisha mji ambao haukuwa na soko la kujilisha wenyewe. Kisha vikaja vita vya miaka ya 1990, na katika Juni ya 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mawili ya kigeni, yakapigana siku sita ndani ya Kisangani. Yangambi ukazibwa na majani. Mipira iliachwa bila kugemwa, mitambo ikala kutu, popo wakazirithi baadhi ya nyumba za baraza.

Watu hawakuondoka. Walilima mihogo kati ya safu za majaribio, wakapika mawese ya ile michikichi iliyokuwa imeandikiwa vitabu, wakavua, wakachoma mkaa, wakasomesha. Na wale waliokabidhiwa nyumba ya majani makavu, yenye vielelezo karibu 150,000, hazina isiyo na mfano katika Afrika ya Kati, waliendelea kuifungua asubuhi na kuifunga jioni, wakipambana na unyevu na wadudu kwa mikono mitupu, huku mishahara ikichelewa au isije kabisa. Lau wangechoka mwaka mmoja tu, katika hewa ile, tusingekuwa na la kuzungumza. Leo mji umeanza kuangaliwa tena: Chuo Kikuu cha Ghent kimesimamisha humo, ndani ya hifadhi ya msitu, mnara wa mita 55 unaopima pumzi ya miti, ni kiasi gani cha hewa ya ukaa inachovuta na inachotoa, na vijana wa Kikongo wanafundishwa kusoma umri na maisha ya mti katika chembe za mbao zake.

Na mgomba je? Miongoni mwa vijana wa Kibelgiji waliofanya kazi Yangambi katika miaka ya 1950 alikuwamo Edmond De Langhe, aliyeipenda migomba kama wengine wapendavyo farasi. Mgomba unaoitwa Yangambi Km5 hakuuumba yeye wala mtu mwingine. Ulikuwa mmoja wa migomba iliyokusanywa na kupandwa katika shamba la kilomita ya tano, ukaonekana kuwa na afya isiyo ya kawaida. De Langhe baadaye alikuwa profesa Leuven, mwendo wa nusu saa kwa treni kutoka hapa, na huko tangu mwaka 1985 imehifadhiwa jamii ya migomba ya ulimwengu mzima, aina zaidi ya elfu moja, si shambani bali ndani ya vichupa vya kioo, kila kimoja na chipukizi lake dogo la kijani, katika chumba cha baridi cha nchi ambayo mgomba hauwezi kuzaa nje hata siku moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, migomba ya Kagera ilipokuwa imedhoofishwa na funza, na minyoo ya mizizi, na ugonjwa wa Panama, na sigatoka nyeusi, mradi uliosaidiwa na Ubelgiji ulipeleka huko makumi ya maelfu ya miche iliyooteshwa kwa vichupa, na mmoja ulioishi vizuri ni huo. Wahaya hawauweki katika daraja moja na ndizi zao za asili za kupika, na katika jambo hilo mimi siwezi kubishana nao; lakini wameupa nafasi kibanjani, na jina lake wakalihifadhi.

Wiki iliyopita nilikwenda Meise, kaskazini ya mji, kwenye bustani ya mimea iliyohamishiwa huko kutoka katikati ya Brussels tangu miaka ya 1930, ambako yamehifadhiwa majani makavu yanayokaribia milioni nne. Mhifadhi mmoja alinifungulia kabati, akaniwekea mezani karatasi ngumu yenye tawi lililobanwa, rangi yake ikiwa imegeuka kahawia ya chai. Chini, penye pembe ya kulia, palikuwa na kikaratasi cha maandishi ya taipu: Yangambi, tarehe ya miaka ya 1930, jina la aliyekusanya, Jean Louis, jina la mti kwa Kilatini, na mstari mmoja wa jina la kienyeji, na kando yake neno "Turumbu". Aliyelitamka jina hilo, akamfanya Mbelgiji asimame na kuandika, hakuandikwa.

Nilimwuliza mhifadhi kama tawi hilo ni la pekee. Akasema la, desturi ilikuwa kukata matawi kadhaa ya mti mmoja siku hiyo hiyo, moja likabaki kule na jingine likaletwa hapa, na kwamba pacha wa hili, asipokuwa ameliwa na wadudu, yumo kabatini Yangambi. Akalifunika, akalirudisha mahali pake. Nje mvua ilikuwa ikinyunya, na basi la kurudi mjini lilikuwa limechelewa.